Jini Aliyemeza Simu Mkahawani kwa Zuwena

Alitawala mji wa Rasini Sultani Mundhir bin Sufiani, mpole wa tabia lakini mwepesi wa hasira, na katika zama zake simu za mkononi zilienea hata wachunga mbuzi wakawa nazo, na raia wakashughulika nazo kuliko walivyoshughulika na jamaa zao.

Na mjini humo palikuwa na mjane, Zuwena binti Shaame, mwenye mkahawa alioachiwa na marehemu mumewe. Zamani watu walifuata hapo mazungumzo, lakini sasa waliketi vichwa chini, vidole juu ya vioo, na kahawa ikapoa mbele yao. Miongoni mwao alikuwamo Ghassani, mshona kofia, ambaye kwa miaka mitatu hakutamka neno ila "Niongeze."

Alasiri moja Zuwena alikuwa akisugua dele la shaba la kupikia kahawa alilolinunua mnadani, mara likafuka moshi, na katika moshi akatokea jini, kichwa chake kikigusa boriti, akainama kwa adabu.

"Labeka, bibi yangu! Mimi ni Karimadi, mfungwa wa dele hili kwa miaka mia saba. Niamuru! Wataka kasri, lulu, au kichwa cha adui yako?"

"Kasri nani atalifagia?" akajibu Zuwena. "Nataka simu zisishike humu ndani, watu wazungumze."

Basi jini akapanda juu ya paa, akafumbua kinywa, na kila wimbi la simu lililokuja akalimeza. Wateja wakatikisa simu zao, wakapanda juu ya mabenchi kutafuta mtandao, wasiupate. Hatimaye Ghassani akakohoa.

"Bibi Zuwena, kahawa yako ina iliki nyingi mno. Nimetaka kukwambia tangu mwaka juzi."

Zuwena akacheka hata machozi yakamtoka, na wengine wakacheka, na mazungumzo yakawaka kama zamani.

Sifa zikamfikia Sultani, naye akaja, akaketi benchini na makuli, akasimulia jinsi alivyoanguka kwenye farasi siku ya kutawazwa kwake, na hakuna siku aliyofurahi kama hiyo. Lakini aliporudi kasrini akakuta mama yake, Bibi Raiye, ameteleza bafuni na kuvunjika mkono, na alikuwa amempigia simu mara kumi na moja.

Kesho yake Zuwena akaletwa barazani.

"Mama yangu alilala sakafuni akiniita," akanguruma Sultani, "na jini wako akaimeza sauti yake! Una hoja gani?"

Zuwena akasema, "Ewe Maulana, sina hoja. Nilitaka watu wazungumze, nikasahau kwamba yuko anayeweza kuwahitaji. Kosa ni langu. Nipe ruhusa nilitengeneze."

Ndipo Bibi Raiye, mkono umefungwa bendeji, akauliza, "Mwanangu, jana ulizungumza nini huko?"

"Nilisimulia habari ya farasi, mama."

"Mimi hujanisimulia hata siku moja. Kila ujapo kwangu unatazama kiganja chako. Mwache mwanamke huyu. Na jini wake akimaliza kwake, aje akae juu ya paa langu."

Sultani akainamisha kichwa kwa haya, na ghadhabu ikamtoka.

Zuwena akamwamuru Karimadi asimeze tena ovyo, bali asikilize kila simu kwanza: ya porojo aimeze, na ya mgonjwa, mzazi au moto ashuke amnong'oneze mwenyewe sikioni. Na siku ya kwanza tu akamnong'oneza seremala kwamba mkewe ameshikwa na uchungu, naye akawahi, akampokea binti yake.

Sultani akamtunuku Zuwena nyumba tatu zilizopakana na mkahawa, ukapanuliwa. Ghassani akaleta posa, akakubaliwa, na Bibi Raiye akasimamia harusi kwa mkono mmoja. Wakaishi kwa raha, wakibishana kila asubuhi juu ya iliki, na watu wa Rasini wakajua kwamba aliye mbele yako ana haki ya macho yako, na aliye mbali mwenye shida ana haki ya kukufikia.