Jina la Mtoto wa Zahanati ya Mwarungu

Hapo zamani, na si zamani ya mbali, maana redio zilikuwapo na Seneti ilikuwapo, palikuwa na kaunti iitwayo Kironge. Katika kaunti hiyo palikuwa na kilima kiitwacho Mwarungu, na juu ya kilima palikuwa na zahanati. Zahanati yenyewe ndogo. Vyumba viwili, nesi mmoja, tangi la maji. Lakini watu wa Mwarungu walipoitaja, walinyoosha shati kwanza.

Ikaja siku, mswada wa afya ya kaunti ukaletwa Seneti. Sehemu yake kubwa ilikuwa nzuri, tusiuonee. Ila ndani yake mlikuwa na kifungu kimoja kilichosema: zahanati inayohudumia watu wachache ifungwe, na nesi wake apelekwe hospitali kubwa. Watu wa Mwarungu wakasikia, wakatazamana. Hospitali kubwa iko bondeni, na mvua ikinyesha barabara inageuka mto.

Seneta wa Kironge aliitwa Righa, mwanamke mrefu asiyehitaji kipaza sauti. Akapanda kilima kuuliza akaseme nini. Watu wakamwambia, "Nenda kwa Mama Malemba."

Malemba ndiye aliyepika chai ya kanisa kila Jumapili. Binti yake alifariki kwenye barabara ile akiwa na uchungu wa kuzaa, wakati zahanati ilipokuwa imefungwa kwa kukosa nesi. Tangu hapo jina la binti halikutajwa. Ndiyo desturi ya Mwarungu: aliyekufa na mimba tumboni, jina lake hubaki ndani ya nyumba ya mama yake. Halitoki nje.

Righa akaketi jikoni. "Mama, naomba kisa chako nikakiseme Seneti."

"Mheshimiwa, kunywa chai uende."

"Lakini Mama..."

"Nimesema kunywa chai."

Akanywa, akaenda.

Lakini asubuhi ya mjadala simu yake ikalia. "Ni mimi, Malemba. Nimeomba, nimelia, nimemaliza. Sema alivyokufa. Ila jina usilitaje."

"Sitalitaja, Mama."

Angeweza Malemba kunyamaza? Angeweza. Alinyamaza? Hakunyamaza.

Basi zamu ya Righa ikafika. Alikuwa na hotuba nzuri ya Kiingereza, imeandikwa na vijana wa ofisini kwake. Lakini mtu wa kilima akisimama mbele ya watu, mdomo husalimu wenyewe. Akasema, "Asante, Bwana Spika. Nasimama kwa niaba ya watu wa Kironge." Kisha akafungua karatasi, akaanza kusoma Kiingereza.

Seneta mmoja wa upande wa pili akainuka mbio. "Hoja ya nidhamu, Bwana Spika! Mheshimiwa ameanza kwa Kiswahili. Kanuni zinasema amalize kwa Kiswahili. Au hicho Kiingereza ameazima?"

Seneti ikacheka. Spika naye akatabasamu. "Kanuni ni kanuni. Seneta Righa, endelea kwa Kiswahili au uketi."

Righa akaitazama karatasi. Akaikunja, akaitia mkobani.

"Bwana Spika, sitaketi. Kifungu hiki kinahesabu watu waliofika zahanati. Hakiwahesabu waliokuta mlango umefungwa. Kule kwangu kuna mama mmoja aliyebebwa na vijana juu ya kitanda, mvua inanyesha. Wakawa wanamwimbia nyimbo za kanisa ili asilale, naye anawaitikia. Walipofika darajani waliendelea kuimba. Yeye haitikii."

"Hizo ni hadithi!" yule seneta akapaza sauti. "Tupe takwimu. Ni nani huyo?"

"Anaitwa Shali!" Righa akasema. "Mwandike kwenye takwimu zako. Anaitwa Shali!"

Yule seneta akaketi. Na kule Mwarungu, watu waliokuwa wameizunguka redio dukani walisimama wote, wanaume wakavua kofia. Kujivuna ni dhambi, najua, na Mungu anisamehe, lakini nikifika hapa kwenye hadithi hii kifua hunijaa. Kilima chetu kilisemwa mbele ya nchi nzima, tena kwa lugha ambayo hata bibi asiyesoma aliielewa.

Angeweza Righa kuketi? Angeweza. Aliketi? Hakuketi.

Ila jina amelitaja. Na linalosemwa Seneti huandikwa, likiandikwa halifutwi. Righa alipotoka nje ndipo akaikumbuka ahadi yake. Akasema moyoni, "Nimemtoa mtoto wa watu nje ya nyumba ya mama yake." Akaamua kwenda kumpigia Malemba magoti kabla ya siku ya kura.

Sasa sikilizeni. Katika mambo ya kaunti, kule Seneti kila kaunti ina kura moja tu. Seneta aliyechaguliwa na kaunti asipokuwapo, humwandikia seneta mwenzake wa kaunti hiyo hiyo barua ya ruhusa ampigie kura hiyo. Na Righa alikuwa na mwenzake mmoja tu wa Kironge, Mkanjala, seneta wa kuteuliwa. Mkanjala alikuwa wa chama kingine, kile kilichotaka kifungu kibaki. Tena alishindana na Righa kwenye uchaguzi akashindwa, na wakati wa kampeni Righa alimwita pambo la chama mbele ya uwanja mzima.

Righa akampelekea barua. "Nitarudi kabla ya kura. Lakini shika hii, lisije likatokea jambo."

Mkanjala akacheka hadi akafuta macho. "Wewe dada! Leo pambo linapewa kura yako?"

"Si yangu. Ni ya Kironge."

Righa akaenda, akapiga magoti jikoni kwa Malemba. Malemba hakumfukuza. Alimpa chai. Mvua ikaanza, ikanyesha, daraja likazolewa, na seneta wa Kironge akabaki kilimani kama kila mtu.

Siku ya kura, kiongozi wa chama akamwinamia Mkanjala. "Ukisema kifungu kifutwe, kamati unayoiongoza si yako tena. Na sifa zote atakula Righa. Fikiria, dada."

Karani akaanza kuita kaunti. Hii kifutwe, hii kibaki. Hii kifutwe, hii kibaki. Zikafungana. Ikabaki moja.

"Kironge!"

Mkanjala akasimama, akaweka sawa kilemba chake. "Kaunti ya Kironge inasema kifutwe."

Angeweza Mkanjala kusema kibaki? Angeweza. Alisema? Hakusema. Jioni ile ile kamati ikapewa mtu mwingine.

Kifungu kikafa, zahanati ikaishi. Mwarungu waligonga kengele ya kanisa hadi kamba ikakatika.

Daraja liliporudishwa, mtoto wa kwanza akazaliwa pale, msichana, mama yake Wawuda. Na desturi ya Mwarungu ni hii pia: mtoto aliyezaliwa salama kwa sababu ya mtu fulani, kitovu kikidondoka, mama husimama mlangoni akaita jina la mtu huyo. Jina moja, mara moja. Halibadilishwi.

Kitovu kilipodondoka, watu wakajaa zahanati. Wawuda akauliza, "Nimwite nani?"

Righa akasema, "Mimi ndiye niliyekataa kuketi. Walinicheka, nikasema. Bila maneno yale, nani angefikiria kukifuta? Kosa nililifanya, nimelipigia magoti."

Mkanjala akasema, "Maneno matamu, dada, hata mimi yalinitoa machozi. Lakini karani hakuhesabu machozi. Alihesabu kura, na kura niliisema mimi, nikarudi nyumbani bila kamati."

"Mtoto akiitwa Mkanjala atabishana na nesi!" mmoja akarusha. Watu wakacheka, Mkanjala mwenyewe wa kwanza.

Malemba hakucheka. "Alichosema Righa kilitoka jikoni kwangu. Kilichomliza Mkanjala kilitoka tumboni mwangu. Lakini sitaki mtoto aitwe Malemba. Aitwe Shali. Jina lile mlilitoa nje bila ruhusa yangu, na nyumbani halirudi tena. Mpeni mtu wa kulibeba."

 Kisha mzee wa kanisa akasema, "Mama, jina la aliyekufa hivyo halijawahi kupewa mtoto Mwarungu. Tena Shali hakufanya lolote. Alikufa tu."

"Alikufa tu," Malemba akarudia. "Na kwa ajili hiyo mtoto huyu amezaliwa pakavu."

Wawuda akamfunika mtoto vizuri, akatoka hadi mlangoni. Righa yuko kulia, Mkanjala kushoto, Malemba mbele yake na birika mkononi. Mtoto akapiga chafya. Wawuda akafungua mdomo aite.

Nanyi msinitazame mimi, mlango umewaelekea ninyi. Aliyetoa kisa, aliyekisema, aliyekipigia kura, na yule ambaye hakuweza ila kufa: je, nani alistahili jina lake liitwe?