Siku Ambazo Senkondo Hakuwepo

Mtu mmoja wa milima ya Upare, jina lake Senkondo, alikuwa na mke aliyempenda na kazi iliyomweka mbali naye. Alitunza mashine katika kiwanda cha mkonge huko tambarare, na kila baada ya wiki nne alipewa siku tatu za kwenda nyumbani. Miaka sita alipanda na kushuka hivyo, wala hawakupata mtoto.

Kila alipoondoka, siku ya nne mkewe, Namsifu, aliona damu. Alilia peke yake. Mama mkwe hakulia. Alisema huyo ni tasa, akataja binti wa kuolewa na mwanawe mavuno yakiisha.

Namsifu akaenda zahanati. Muuguzi hakumpa dawa. Alimwambia atunge shanga katika uzi, moja kila siku: nyeupe kwa siku za kawaida, nyekundu siku ya damu, buluu siku ya ule ute unaovutika kama wa yai bichi. Siku mume atakapokuwepo, afunge fundo. Msiangalie chini, ndugu zangu. Mungu aliyeuumba mwili hakuona haya, mtaona haya ninyi?

Miezi mitano alitunga. Shanga za buluu zilikaa katikati, na fundo lilikuja wiki nzima baadaye, kila mwezi, bila kukosa. Hakuna aliyelogwa. Siku za kushika mimba zilipofika, Senkondo alikuwa kiwandani akipaka mashine grisi.

Aliporudi, Namsifu akautandaza uzi mezani, akasema, "Mume wangu, kila mara unafika gulio limeshavunjika. Badilishana zamu na mwenzako, uje siku kumi mapema."

Senkondo aliutazama uzi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Miaka sita kila mmoja wao alikuwa akijilaumu kimoyomoyo, asithubutu kusema. Wakapumua siku ile, kabla hata ya mimba. Kisha akaenda kumwambia mama yake kwamba harusi haipo.

Zamu ikabadilishwa. Mwezi wa tatu damu haikuja, na leo kuna mtoto. Si kila nyumba hupona kwa kuhesabu, silifichi hilo. Lakini wengi tunaomba tupewe, na tunapopewa hatupo nyumbani.

Basi wewe mwanamume, unayejua hadi siku ng'ombe wako alipopandwa, siku za mkeo unazijua?