Makaa Yaliyolala Siku Tisa

Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikianza sipendi kukatizwa, na mwisho nitawauliza swali ambalo mimi mwenyewe limenishinda.

Palikuwa na ndugu watatu wa tumbo moja, wachoma makaa ya vifuu vya nazi. Sidi, dada yao mkubwa, alikuwa na pua. Si pua ya kubebea kamasi kama yako wewe unayecheka. Sidi alinusa moto kabla haujatoa moshi. Wa pili, Ngala, alikuwa na kichwa: neno likiingia sikioni mwake halitoki mpaka kiama. Kitindamimba, Kahindi, alikuwa na mdomo. Akisema, hata kiziwi hugeuka.

Makaa yao yalikwenda ng'ambo kwa meli. Zamani yalipakiwa kama mahindi: leo yametoka tanurini, kesho yako baharini. Lakini makaa mapya yakishonewa guniani huweza kujipasha moto yenyewe, na meli ziliungua. Basi sheria ikabadilika. Makaa yakawa shehena ya hatari: yalale hewani siku kumi na nne ndipo yaingie kontena, na mchomaji aziandike siku hizo kwenye karatasi na kutia sahihi. Ngala alihudhuria kikao cha kusomewa sheria hiyo, akarudi akawaambia wenzake, "Siku kumi na nne." Sidi akahesabu, akaandika, akatia sahihi kwa moyo mweupe.

Asubuhi ya kupakia walikuwa bandarini wote watatu. Kreni ilikuwa inateremsha ndoana juu ya kontena lao. Sidi akapita kando yake, akasimama ghafla. Harufu! Akajiambia ni vifuu tu, vifuu hunuka. Akanusa tena: ni moto. Humo mlikuwa na jasho lake la miezi mitatu. Na juu melini mlikuwa na mabaharia ishirini na wawili. Mmoja alikuwa akianika shati huku akiimba. Sidi akinyamaza, nani atajua? Aliogopa kusema, akaogopa zaidi kunyamaza.

"Ngala," akaita, "makaa yameamka."

"Hayawezi, dada. Si yamelala kumi na nne? Ulihesabu tangu lini?"

"Tangu tulipowasha. Kwani sisi huhesabu vipi?"

Kweli, kwao huhesabu hivyo, tangu mababu: umri wa makaa huanza siku ya kuwasha moto. Hapo Ngala akayakumbuka maneno ya kikao, yote, mpaka kikohozi cha msomaji: "Tangu yatoke tanurini." Na tanuri lao hukaa siku tano limefukiwa. Uso ukamparara.

"Mama yangu! Dada, yamelala tisa."

Wakamkimbilia mnyapara. Naye akawapungia karatasi. "Hapa pameandikwa kumi na nne, na sahihi ni yako, mama. Tupisheni tufanye kazi." Kontena likainuka.

Kahindi hakubishana na karatasi. Aliinua kichwa, akaita kwa sauti iliyowarusha kunguru wote wa gatini: "Enyi mlio juu! Mnapakiwa moto! Anayetaka kuungua na aupokee!" Yule wa shati akachungulia. Kisha wenzake. Wakaanza kupiga kelele kwamba hawalitaki, hawalipokei, lishushwe. Likashushwa, likafunguliwa. Magunia ya katikati yalikuwa mekundu. Wakayamwagia maji mpaka adhuhuri, na hakufa mtu.

Afisa wa bandari akaja na muhuri mmoja. "Tangu leo," akasema, "makaa ya pwani hii hayapandi meli bila mtu wenu mmoja kuyapigia muhuri. Mchagueni ninyi. Mkimpa Sidi, kosa lake la karatasi limesamehewa. Mkimpa mwingine, Sidi hachomi tena makaa ya kusafirishwa."

Sidi akaketi chini palepale. Ana watoto wanne na hajui kazi nyingine.

"Bila pua yangu mngesikia habari hii redioni," akasema.

"Pua ilisita, dada," akajibu Ngala taratibu. "Na aliyeandika uongo ni wewe, ingawa hukukusudia. Mimi ndiye niliyejua."

"Ulijua, ukaniambia kumi na nne! Ulinieleza ni tangu lini?"



"Mmoja alinusa, mmoja alikumbuka," akasema Kahindi, "na kontena likawa linapanda vilevile. Mimi ndiye niliyelishusha. Ila kusema kweli, mkinipa gunia sijui kama ni bichi au limeiva."

Haya, nimemaliza yangu. Usinijibu haraka, wewe uliyeinua mkono. Meli nyingine inapakia Jumanne, na watakaolala juu ya makaa hayo hawatamwona mwenye muhuri. Wataona muhuri tu, na watalala. Je, wewe ungempa nani?