Kwa Nini Bendera ya Msiba Hufika Juu Kwanza

Iachie kwanza hiyo kamba, uje ukae na wenzako. Bendera ya msiba haipandishwi ovyo, na sababu yake ni ya zamani kuliko huo mlingoti.

Hapo kale, wakati bendera bado ni kitu kigeni, kilima cha Isengwa na kilima cha Nduha vilitazamana kama majirani walionuniana. Kwa macho ilikuwa karibu. Ungeweza kuona ng'ombe wa mwenzako wakitoka zizini. Kwa miguu ilikuwa shughuli nyingine, maana ilibidi kushuka, kuzunguka hadi kwenye kivuko cha mto, kisha kupanda tena. Ukiondoka asubuhi, ulifika jua la utosi.

Kule Isengwa aliishi binti aitwaye Nkwimba pamoja na baba yake, Mzee Masunzu, ambaye kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Kaka zake wawili, Lugembe na Mashala, walikuwa wameoa na kuhamia Nduha. Desturi yao ilikuwa kali: baba hushushwa kaburini na wanawe wa kiume, tena siku ileile, kabla jua halijazama. Nkwimba aliogopa jambo moja tu, kwamba siku hiyo ikifika, mtu atatumwa Nduha, na mpaka arudi na kaka zake, baba atakuwa ameshazikwa na mikono ya wengine.

Ndipo mtemi alipogawa bendera, kila kaya moja. Mjumbe wake alifika Isengwa na haraka zake, akamkabidhi Nkwimba kitambaa cha mistari mitatu na kamba, akamwaga maagizo bila kupumua. Ipandishe asubuhi, ishushe jua likizama. Isiguse chini. Usijifunge nayo, usifunikie chungu. Mstari mwekundu uwe juu. Nyumba yenye msiba, iishie nusu ya mlingoti. Nkwimba alipofungua mdomo kuuliza, mjumbe alikuwa ameshapinda kona.

Maskini Nkwimba, alichanganyikiwa. Siku ya kwanza aliipandisha kichwa chini. Siku ya pili majirani walimiminika na vibuyu, kwa kuwa tangu zamani kitambaa mtini kilimaanisha pombe imeiva, na wengine waliondoka wamekasirika. Aliyefurahi ni Mzee Masunzu peke yake. Kila asubuhi alijikongoja hadi mlangoni, na bendera ilipofika juu aliinua fimbo yake kuiamkia, kisha akarudi kukaa.

Asubuhi moja bendera ikiwa katikati ya safari, fundo la kamba lilinasa kwenye ufa wa mlingoti. Nkwimba alivuta, ikagoma. Akatikisa, ikagoma. Ndani baba akakohoa vibaya, naye akaiacha ilivyo, akakimbilia jikoni kumpikia uji. Bendera ikamtoka akilini kabisa.

Jua la utosi alisikia vilio. Alitoka akawaona kaka zake wakipanda kilima, nguo zimelowa hadi kifuani, wake zao nyuma, mikono kichwani. Moyo ukampasuka. Kumbe Nduha kuna msiba! Akawakimbilia, akamwangukia Lugembe, wakalia wote kwa pamoja, Nkwimba akimlilia marehemu asiyemjua.

“Amekufa saa ngapi, dada?” Lugembe aliuliza katikati ya kwikwi.

“Si wewe wa kuniambia, kaka? Mimi nitajuaje?”

“Utajuaje? Si ulikuwa naye humo ndani?”

“Humo ndani nilikuwa na baba.”

“Basi ndiye ninayemuuliza! Baba amekufa saa ngapi?”

Nkwimba alipiga ukelele, akageuka mbio kuelekea nyumbani. Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Masunzu na bakuli lake la uji.

“Nani amekufa?” aliuliza.

Ilipojulikana ni kamba, Mashala alicheka mpaka akakaa chini. Lugembe hakucheka. Mto ulikuwa umefurika, na nusura mkewe achukuliwe na maji.

“Nkwimba, sikia,” alisema. “Sivuki tena mto kwa ajili ya kitambaa. Nikiiona nusu nitajua imekwama, nitaendelea kulima.”

Tangu hapo Nkwimba hakuwa na raha. Bendera ikiwa juu, Nduha wangesema baba mzima. Ikiwa nusu, wangesema kamba. Moshi haungefaa kuwa ishara, maana ulifuka kila nyumba, na ngoma haikusikika ng'ambo. Aliwaza hadi kichwa kikamuuma, asipate la kufanya.

Mzee Masunzu alifariki alfajiri moja, ameshika mkono wa binti yake. Kulipopambazuka Nkwimba alisimama chini ya mlingoti, kamba mkononi, machozi yanamtiririka, asijue aivute hadi wapi. Mikono ikafanya ilivyozoea, ikavuta hadi juu kabisa. Akatazama mlangoni kuingoja fimbo iinuke. Haikuinuka. Alingoja kidogo zaidi, maana hakutaka kuamini, kisha akaiteremsha polepole hadi nusu, akaifunga.

Ng'ambo, Lugembe alikuwa amesimama uani. Pamoja na ukali wake wote, hakuna asubuhi aliyoacha kutazama Isengwa. Aliiona bendera ikifika juu, akashusha pumzi. Kisha akaiona ikirudi, taratibu, ikasimama nusu. Kamba iliyokwama haifiki juu. Hii ilikuwa imefika, na mkono wa mtu ulikuwa umeishusha. Akatupa jembe, akamwita Mashala, wakaukimbilia mto.

Jua lilikuwa bado juu walipofika. Safari hii Lugembe hakuuliza kitu. Alimshika dada yake begani akasema, “Nimeiona.” Kisha yeye na Mashala wakamshusha baba yao kwa mikono yao wenyewe.

Na tangu siku hiyo, bendera ya msiba haiishii nusu moja kwa moja. Hupelekwa kwanza hadi juu, ikatulia pale kwa muda wa mzee kuinua fimbo, ndipo ikashushwa nusu. Na jioni, kabla ya kuitoa, huinuliwa tena hadi juu. Wengi hufanya hivyo bila kujua wanamngoja nani mlangoni. Nyinyi sasa mnajua.

Haya, shika kamba.