Mlango wa Mwerezi na Mlango wa Bati

Efraín Coyoy alikuwa ameinama mbele ya mlango wa hoteli, akipima upana wa mbao zake kwa shubiri kana kwamba ni yeye aliyeagizwa kuutengeneza. Aligonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akagonga tena chini kidogo. Ulikuwa mlango wa mwerezi, umechongwa nakshi za mizabibu kutoka juu hadi chini, na pete yake ya shaba iling'aa kama jicho la paka. Nyuma yake, kando ya barabara ya mawe, mkewe Herlinda alikuwa ameketi juu ya gunia, akijipepea kwa kofia ya mumewe.

"Mzee wangu," alisema Herlinda, "leo tunalala chumbani au tunalala mlangoni?"

"Subiri kidogo. Huu haukuungwa kwa misumari. Ni vigingi vitupu."

"Hata wa nyumba ya kwanza uliusifu. Na wa pili. Wapita njia wanadhani wewe ni mwizi mwenye adabu."

Efraín alicheka, lakini mkono hakuuondoa mlangoni. Alikuwa fundi wa milango katika mji wao wa Quetzaltenango, na kwa miaka mingi ya kazi hiyo alikuwa amejijengea imani moja: ukitaka kumjua mwenye nyumba, tazama anavyowapokea watu kizingitini. Bawaba zikilia, mwenyewe ni mvivu. Rangi ikibanduka, mwenyewe ni bahili. Imani hiyo ilikuwa imemfaa mara nyingi, kwa hiyo hakuwahi kuitilia shaka.

Hawakuwa wamekuja Antigua kutembea tu. Mwaka juzi Efraín alianguka kutoka kwenye paa la kanisa, nyonga ikavunjika, akalala kitandani kama gogo. Herlinda alimlisha, akamgeuza, akamwogesha, na alipoanza kunyanyuka akamwazima bega lake. Katika dhiki ile aliweka nadhiri: mumewe akisimama tena, watakwenda Antigua, mji alikozaliwa marehemu mama yake Herlinda, wakati wa Kwaresima. Huko watatandika zulia la unga wa mbao barabarani kwa mikono yao minne, ili sanamu ya Yesu aliyebeba msalaba ipite juu yake. Sasa Efraín alikuwa akitembea, akichechemea kidogo tu. Magunia yaliyokuwa kando ya barabara yalijaa unga wa mbao wa karakana yake mwenyewe, ambao Herlinda alikuwa ameutia rangi na kuuanika kwa uvumilivu wa siafu.

Na mji ule una desturi yake. Siku ya maandamano ya sanamu, kipande cha barabara kilicho mbele ya nyumba ni cha nyumba hiyo, na hakuna atakayetandika zulia mbele ya mlango wa mtu bila ridhaa ya mwenyewe. Kwa hiyo Ijumaa ile walihitaji zaidi ya kitanda. Walihitaji nyumba ya wageni iliyo kwenye njia ya maandamano ya Jumapili, na mwenyeji atakayewagawia barabara yake.

Lakini moyoni mwa Efraín kulikuwa na haja nyingine ambayo hakuitamka. Alitaka mwanamke yule aliyempa bega lake alale, japo mara moja, kama malkia.

"Na ile pale?" aliuliza Herlinda, akionyesha kwa kidevu upande wa pili wa barabara.

Ilikuwa nyumba yenye ukuta wa manjano uliochakaa na kibao kidogo kilichoandikwa kwamba kuna vyumba vya wageni. Mlango wake ulikuwa wa bati, umepinda, umefungwa kwa kamba mahali pa bawaba ya juu. Herlinda alivuka, akabisha hodi. Sauti ya mwanamke mzee ilijibu kutoka ndani, "Usukume kwa goti, ndivyo mlango wangu ulivyozoea!"

Efraín alimfuata mkewe haraka, akamshika kiwiko. "Twende, mama. Mtu aliyeshindwa kutunza bawaba atatunza wageni?"

"Hujaingia, umeshahukumu."

"Mlango umenieleza yote."

Herlinda alimtazama mumewe, akaona jinsi alivyokuwa na hamu ya kumfurahisha, akamfuata. Walirudi kwenye mwerezi. Kijana wa mapokezi, aliyeitwa Leonel, aliwakaribisha kwa heshima. Efraín alimuuliza swali moja tu.

"Jumapili mbele ya mlango huu kutakuwa na zulia?"

"Kila mwaka, mzee. Hakuna linalolifikia mtaani hapa."

Herlinda alitaka kuongeza swali, lakini Efraín alikwishatoa kitambulisho. Usiku ule walilala kwenye shuka zilizonyooshwa kama karatasi, na Efraín alisinzia akitabasamu.

Asubuhi ya Jumamosi waliburuta magunia hadi kizingitini. Nje walikuta wanaume wenye kamba na chaki wakipima barabara, na Leonel akiwasimamia.

"Mzee, magunia yanakwenda wapi?"

"Hapa hapa. Tunataka kuanza kusawazisha."

Leonel alijikuna shingo. "Zulia la hoteli linatandikwa na mafundi wa kukodi, mzee. Mchoro ulishapitishwa. Nyinyi tumewawekea viti viwili mbele kabisa, kivulini."

"Hata kona moja?"

"Ingekuwa yangu ningekupa. Lakini mwenye hoteli ataniuliza mimi."

Alisema hivyo kwa upole, na upole wake ulizidi kuuma, kwa sababu hapakuwa na wa kugombana naye. Herlinda aliketi juu ya gunia kama jana, lakini safari hii hakujipepea.

"Tutakaa mbele," alisema Efraín taratibu. "Tutasali. Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa, sina wasiwasi naye. Mimi niliahidi mikono minne, mzee wangu. Sikuahidi macho manne."

 Efraín alivaa kofia, akaanza kupita nyumba hadi nyumba, mguu wake ukikokota. Kwenye mlango wa bluu wenye misumari ya shaba, alikuta familia nzima imeshapanga mbao za kingo. Kwenye mlango wa mninga wenye tao, akaambiwa, "Samahani, fundi, hata shangazi yetu tumemnyima nafasi." Alipanda upande mmoja wa mtaa, akashuka upande mwingine. Barabara yote ilikuwa na wenyewe. Kipande kimoja tu kilikuwa kitupu, mawe yake yakitazama juu bila mtu: mbele ya mlango wa bati.

Aibu ilimpanda kama maji yanayojaa mtungini. Kisha akausukuma mlango kwa goti.

Ndani kulikuwa na ua mpana kuliko alivyodhani, na ua wote ulikuwa rangi. Unga wa mbao wa mtaa mzima ulikuwa umeanikwa juu ya mashuka, zambarau huku, kijani kule, na majirani walikuwa wakiingia kuazima chekecheke na ndoo, wakitoka bila kuaga. Chini ya miguu yake kizingiti cha jiwe kilikuwa kimelika katikati, kikawa kama bakuli. Efraín alikitazama, kisha akaitazama bawaba iliyokatika. Fundi mzima alikuwa amesahau kujiuliza ni nini kinachokata bawaba. Mlango usiofunguliwa haukati bawaba.

"Wewe ndiye wa jana," alisema mwanamke mzee aliyekuwa akikoroga rangi kwenye karai. Jina lake lilikuwa Bi Toribia. "Nilikuona dirishani. Uliutazama mlango wangu kama daktari anayetazama maiti."

"Nisamehe, Bibi."

"Mlango nao una haki ya kutazamwa. Unatafuta nini?"

Efraín alimweleza yote, tangu paa la kanisa hadi viti viwili vya kivulini. Bi Toribia hakuacha kukoroga.

"Kila mwaka tulitandika mimi na dada yangu," alisema mwishowe. "Sasa wanawe wamemchukua wakae naye katika mji mkuu. Majirani wana vipande vyao, na magoti yangu ni haya unayoyaona. Nilishawaambia mwaka huu Bwana apite kwenye mawe matupu, na tangu niseme hivyo chakula hakipiti kooni." Akamtazama. "Mkeo ana magoti?"

"Anayo, Bibi. Mazuri kuliko yangu."

"Kwa hiyo unafanya nini hapa peke yako? Kamlete."

Leonel mwenyewe ndiye aliyesaidia kuvusha magunia na mizigo yao, kwa kuwa usiku huo wangelala kwa Bi Toribia. Herlinda alipoingia uani, alishika mlango kwanza, akatingisha kamba, akamtazama mumewe kwa jicho la pembeni.

"Umekueleza nini leo, huu mlango?"

"Umenitukana," alisema Efraín. "Na nilistahili."

Hapakuwa na nafasi ya maneno mengi. Walichekecha mchanga, wakausambaza juu ya mawe hadi barabara ikawa sawa kama meza. Kwa kuwa Efraín hakuweza kupiga magoti, alichukua ubao mrefu wa Bi Toribia, akaupiga randa, akautia miguu mifupi pande zote mbili, ukawa daraja la kupita juu ya zulia bila kulikanyaga. Sasa angeweza kulala kifudifudi juu yake na kufikia katikati kwa mikono.

"Dada yangu alihangaika na kigoda miaka yote," alisema Bi Toribia. "Kumbe tulihitaji mtu mlemavu."

Herlinda alicheka hadi akashika ukuta. Efraín naye akacheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemtania kuhusu mguu ule tangu aanguke.

Jua lilipoanza kushuka, kingo zilikuwa zimekwishapangwa na mchanga umelowanishwa. Herlinda alichota gao la kwanza la zambarau, lakini Bi Toribia akamshika mkono.

"Upepo wa usiku ni mwizi, mwanangu. Rangi ni kesho alfajiri. Michoro ya ndege, maua na mishale yote inatusubiri, haina haraka."

Herlinda akarudisha zambarau guniani. Walifunika unga kwa mashuka yenye unyevu, wakaketi nje kando ya ukuta na sahani za maharage meusi na mikate ya mahindi yenye moto, na Bi Toribia akala kuliko wote. Mtu akasukuma mlango kwa goti, akachukua ndoo, akatoka.

"Chumba chetu cha hapa kikoje?" Herlinda alimnong'oneza mumewe.

"Sijui. Sijakiona."

"Hukukikagua?"

"Nimesahau," alisema Efraín, akamsogezea bega.

Mbele yao barabara ilikuwa tupu bado, laini, ikingoja mikono minne na miwili ya nyongeza. Kwenye mtaa ule wa milango mizuri, ni fundi wa milango aliyefunzwa kwamba nyumba njema si mlango.