Sahani ya Bi Mwanatumu

Haya, sogeeni! Masikio nipeni mimi, midomo iacheni ipumzike.

Hapo kale zimwi lilimmeza jogoo wa Bi Mwanatumu, likammeza mbuzi wake, mwisho likammeza mumewe, Vuai. Kisha, bila haya, likahamia nyumba ya jirani!

Bi Mwanatumu hakulia. Aliponda ndizi mbivu, akakanda unga, akakata donati, akazioka mkaa chini, mkaa juu. Zilipoiva akazichovya katika sukari iliyokorogwa na maji ya pasheni, zikang'aa hizo! Akalipelekea zimwi sahani nzima.

Zimwi likala, likalamba vidole. "Lete nyingine!"

"Kwanza nirudishie sahani," akasema Bi Mwanatumu. "Na huku kwetu, jirani harudishi sahani tupu."

Zimwi likatazama huku na huku. Halikuwa na kitu duniani ila tumbo lake. Likakohoa, kwo! Jogoo akatua sahanini.

Likaletewa sahani ya pili, likala, likakohoa, kwo! Mbuzi huyo.

Likaletewa ya tatu. Likala, likakuna kichwa, likakohoa, kwo! kwo! kwo! Vuai huyo, kakaa juu ya sahani, mzima, ndevu zimemlowa.

Bi Mwanatumu akapiga vigelegele. "Mume wangu, umerudi!"

"Nimerudi," akasema Vuai, kanuna kwelikweli. "Huko ndani donati zilinifikia mbili tu, tena zimeshatafunwa. Zimebaki?"

Hadithi yangu imeishia hapo. Asiyeamini akamuulize jogoo.