Paja la Mbuzi la Kuonyesha

Mama mmoja wa Same alikuwa na friji, na hakuna aliyepita mbele ya nyumba yake asilijue. Nakijwa, ndilo jina lake, alilinunua kwa vitunguu vya misimu miwili. Akaliweka sebuleni, likitazama mlango wa barabarani, juu yake akatandika kitambaa cha kufuma. Jikoni palikuwa na nafasi nzuri tu. Lakini jikoni nani angeliona?

Ikafika habari kwamba Jumapili washenga wangekuja kumposa binti yake, Nietiwe. Nakijwa alifurahi mpaka akasahau kutia chumvi kwenye mboga. Alitaka wageni wale nyama, wanywe maziwa, warudi kwao wakisema binti yule katoka nyumba yenye neema. Ijumaa akanunua paja zima la mbuzi na ndoo ndogo ya maziwa. Paja lilistahili kwenda juu, kwenye barafu, ila kule lisingeonekana. Akaliweka rafu ya katikati, kwenye sinia, bila kulifunika. Maziwa nayo akayaacha wazi pembeni yake.

Jumamosi majirani wakaja kumpongeza, na kila aliyeingia alifunguliwa friji. Mlango ulibaki wazi, mazungumzo yakanoga, na kabla wa kwanza hajaaga wa pili anapiga hodi. Mwenye mtoto alimwinua mtoto naye aone. Nakijwa alikuwa na raha, wala hatumlaumu kwa raha yake. Alikuwa mama anayeozesha. Lakini saa kumi jioni alipoinama kuchukua maji ya kunywa, harufu ndiyo iliyompokea. Nyama ilikuwa imebadilika rangi na maziwa yamekatika.

Akamwita fundi Mrutu, huku akimlaani aliyemuuzia kitu kibovu. Mrutu akasikiliza mota, akapapasa mpira wa mlango, akatazama vikombe vya chai vilivyojaa mezani. Kisha akaufunga mlango taratibu.

"Mama Nietiwe," akasema, "friji lako ni zima. Ila baridi haikai na mlango wazi."

Nakijwa aliketi chini. Aibu ilimuuma kwelikweli, maana ugeni wa binti yake ulikuwa kesho na mkononi hakuwa na kitu. Halafu, alipokumbuka jinsi alivyowapanga majirani foleni kama wako zahanati, akaanza kucheka mwenyewe. Akainuka, akaloweka mahindi na maharage.

Jumapili washenga walikaribishwa makande. Nakijwa akawaeleza yote kwa kinywa chake, hakuificha hata ile harufu. Mshenga mkubwa alicheka mpaka akaweka kijiko chini, akaomba aongezewe, na kabla sahani hazijaondolewa barua ya posa ilikuwa mezani.

Ndugu zangu, friji lile ni moyo, na nyama ile ni wema tuliotenda. Mahali pake ni ndani kabisa, pamefunikwa, wapitao wasipopaona. Sasa niambie wewe unayetabasamu: yule mgonjwa uliyempelekea uji hospitali mwezi jana, ni watu wangapi wameshalisikia jina lake kutoka kinywani mwako?